Siku ya kwanza ao yenga? Namna ordinatere inahesabu siku zetu za kazi

Kazi ya usiku inaanza siku gani? Zamani swali hili lilikuwa na jibu moja: karatasi iliyobandikwa ku mulango wa biro. Shefu wa ekipe aliandika majina kwa biki, mutu alisoma, alirudi ku nyumba, alimuambia muke wake: "Mama, nitaingia usiku tangu siku ya tatu." Leo makampuni mingi yanaweka orodha ile mu telefone. Unafungua ukurasa, unaandika namba yako ya kazi, unaona tarehe, siku na saa. Ni vizuri. Lakini kunatokea mambo ya kushangaza: telefone ya baba inasema yenga, ordinatere ya shefu inasema siku ya kwanza, na wote wawili wanaangalia orodha moja. Mutu anafika ku kituo cha basi 04h30, basi haiko. Ao basi imekwisha kupita, na yeye amelala.

Batu banasema: "Ni rezo." Apana, rezo haina kosa pale. Mara mingi kosa liko mu programu yenyewe, na ni kosa linalojulikana, linalorudia-rudia mu inchi zote. Tunataka kulifungua leo juu vijana wengi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wanajifunza kuandika programu za intaneti, na tena juu franga zetu, konje yetu na pumuziko letu vinapita mulemule.

Ordinatere haijue siku, inajua namba

Mu ordinatere hakuna siku ya kwanza, hakuna Mwezi wa 3. Kuko namba moja tu. JavaScript, luga ambayo karibu kurasa zote za intaneti zinaitumia, inahesabu milisekonde zilizopita tangu 00h00 ya tarehe 1, Mwezi wa 1, 1970, kwa saa ya UTC. UTC njo saa ambayo dunia nzima inapimia saa zake. Sisi wa Katanga tuko mbele yake kwa saa 2, Kinshasa wako mbele kwa saa 1. Siku moja ni milisekonde 86 400 000. Ukitaka kujua tarehe, programu inagawanya. Ukitaka kujua siku, inagawanya tena kwa 7 na kuangalia kinachobakia.

Tarehe ile ya kuanzia, 1/1/1970, ilikuwa siku ya ine. Siku za mbele yake zinaandikwa kwa namba ya chini ya zero. Tufanye hesabu moja ambayo wazee wanaweza kuhakikisha: siku ya uhuru, 30/6/1960. Kutoka pale mupaka 1/1/1970 ni siku 3 472. Gawanya kwa 7: unapata majuma 496, hakuna kinachobakia. Kwa hiyo uhuru pia uliangukia siku ya ine. Muulize mutu aliyekuwa pale.

Hesabu ni mwepesi hivi. Matata inaanza wakati namba inapaswa kugeuka kuwa jina la siku, na wakati programu inapaswa kujua iko fasi gani ya dunia.

Tatu ya nani, tano ya nani

Kiswahili chetu cha Kongo kinaita siku kwa namba: siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine, ya tano. Kiisha siku ya posho, ile ya kupokea chakula cha juma, na jina likabakia hata kisha posho yenyewe kwisha. Mwisho siku ya yenga, ao siku ya Mungu. Watoto wa leo wanasema paka lundi, mardi, lakini ku kambi siku ya posho ingali siku ya posho.

Sasa angalia JavaScript. Iko na kazi inayoitwa getDay. Ukiiuliza siku, inajibu 0 kwa yenga, 1 kwa siku ya kwanza, 2 kwa siku ya pili, vile vile mupaka 5, na 6 kwa siku ya posho. Hakuna Kiswahili kingine kinachopatana na mashine kama chetu. Mutoto wa Likasi anayejifunza programu hana lazima ya kukariri kitu: siku ya tatu ni 3, siku ya tano ni 5.

Kwa ndugu zetu wa Tanzania na wa pwani ni ingine kabisa. Wao wanaanza kuhesabu siku ya posho: Jumamosi ni moja, Jumapili ni mbili, Jumatatu ni tatu. Kwa hiyo Jumatatu yao, yenye "tatu" ndani yake, ni siku ya kwanza yetu. Jumatano yao ni siku ya tatu yetu. Kiisha Alhamisi, jina lililotoka ku Kiarabu, nalo maana yake ni siku ya tano, kwa hesabu inayoanza yenga. Mu Kiswahili kimoja "tano" iko na siku tatu: kwa pwani Jumatano, kwa Waarabu Alhamisi, kwetu siku ya mwisho mbele ya posho. Mutu anacheka, lakini ku mine haichekeshe.

Juu programu zinazofungua intaneti ziko na majina ya siku tayari ndani yao, kwa luga mingi. Mwandishi wa programu anaomba Kiswahili kwa herufi mbili, "sw", na anapewa Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Anafurahi, anafikiri amesaidia wafanyakazi wasiosoma Kifaransa vizuri. Kiisha mama mumoja mu kambi anaona "Jumatatu" ku telefone ya bwana yake, anaona neno "tatu", anatayarisha kila kitu kwa siku ya tatu. Bwana alipaswa kuingia siku mbili mbele.

Dawa yake ni ndogo: usiombe mashine majina. Andika mwenyewe orodha ya majina saba, anza na siku ya yenga ku fasi ya 0, maliza na siku ya posho ku fasi ya 6, na umuachie getDay kuchagua. Ni mustari mumoja wa programu. Na kama wafanyakazi wanasema lundi, andika lundi pembeni. Luga ya orodha ya kazi ni ile ambayo watu wanaitumia kuambiana kesho tutaonana saa ngapi.

Inchi moja, saa mbili

Hapa njo kwenye matata kubwa. Kongo iko na saa mbili. Wakati Kinshasa ni 23h30, Lubumbashi na Kolwezi ni 00h30, na tarehe imekwisha kugeuka. Kwa lisaa limoja kila usiku, inchi yetu iko na tarehe mbili. Mukubwa wa Kinshasa anatia saini mukanda wa kazi usiku wa tarehe 31, kwetu ni tarehe 1 ya mwezi mwingine. Kwa ordinatere maeneo haya mawili yako na majina yake: Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi. Programu isiyotaja moja ya majina haya inachukua saa ya mashine ambamo inatembea, na mashine ile, ile kubwa inayotunza ukurasa, mara mingi iko mbali sana na imewekwa ku UTC.

Tutazame kinachotokea. Tuseme shefu anaandika ku ordinatere yake Kolwezi: ekipe B inaanza tarehe 3, Mwezi wa 3, 2025. Ilikuwa siku ya kwanza. Programu inatengeneza tarehe ile ku saa ya Kolwezi: 00h00 juste. Kiisha, kusudi iitume ku serveri, inaigeuza kuwa maandishi kwa kazi inayoitwa toISOString. Kazi ile inaandika sikuzote kwa UTC. Kolwezi 00h00 ni UTC 22h00 ya siku iliyotangulia. Maandishi yanatoka hivi: 2025-03-02, saa 22. Mwandishi wa programu hataki saa, anakata, anabakiza herufi kumi za kwanza. Inabakia 2025-03-02. Yenga.

Hakuna aliyekosea kuandika, shefu aliandika 3. Lakini ekipe nzima imerudishwa nyuma siku moja, na itakuwa vile kila mara, ku kila tarehe, juu Katanga iko mbele ya UTC mwaka muzima.

Kwa nini kosa la namna hii linaishi miaka mingi? Juu yule anayeliandika halioni. Mutu wa New York akifanya kazi ileile, 00h00 yake ni 05h00 ya UTC, siku ileile. Kwake tarehe haigeuke. Anajaribu programu yake, inaenda vizuri, anaiuzisha, inafika Kolwezi na inaharibika. Yeye iko na kosa lingine, la upande mwingine: akiipa JavaScript maandishi "2025-03-03" peke yake, bila saa, JavaScript inayasoma kama 00h00 ya UTC, na ku New York pale ni jioni ya tarehe 2. Kwake inaonekana kosa, kwetu hakuna, juu 00h00 ya UTC ni 02h00 ya Kolwezi, tarehe ileile. Kila mutu anatengeneza kosa lake na anaacha la mwenzake.

Kazi ya usiku inaumia zaidi. Tuseme mashine ya kupitishia karte ku mulango inaandika saa kwa UTC, na programu ya mushahara inasahau kuongeza saa 2. Mutu anayeingia 00h30 ya yenga anaandikwa 22h30 ya siku ya posho. Mutu wa 01h45 vilevile. Kila kitu kinachotokea kati ya 00h00 na 02h00 kinaanguka ku siku iliyotangulia. Kama kampuni inalipa yenga zaidi, saa zile mbili zinapotea bila mutu kuziiba. Kwa ekipe ya asubui na ya mangaribi hakuna kinachoonekana, kwa hiyo malalamiko ya watu wa usiku yanaonekana kama uongo. "Wengine wote hawana matata, ni weye tu?" Ndiyo, paka yeye, na iko na haki.

Ukitaka kuhakikisha, andika ku kaye yako siku tatu saa ulioingia na saa ulioipata mu telefone. Kama tofauti ni saa 2 juste, ao saa 1 juste, umepata sababu. Kosa la mutu linatoa tofauti yoyote. Kosa la eneo la saa linatoa namba kamili.

Muzunguko wa siku 8

Ku mine mingi watu hawapumuzike yenga. Wanazunguka. Tuchukue muzunguko mumoja wa kawaida: asubui siku 2, mangaribi siku 2, usiku siku 2, pumuziko siku 2. Jumla 8. Juma liko na siku 7. Kwa hiyo pumuziko linasogea siku moja mbele kila muzunguko, na inafaa siku 56, majuma 8 mazima, mbele lirudie siku zilezile. Njo maana mama anauliza kila mara "utapumuzika siku gani?" na baba hajibu upesi. Si uzembe.

Kwa programu ni hesabu ya mutoto wa shule. Fungia siku moja unayoijua kwa hakika. Tuseme ekipe B ilianza asubui ya kwanza tarehe 3/3/2025. Hesabu siku zilizopita, gawanya kwa 8, angalia kinachobakia. Kikibakia 0 ao 1 ni asubui, 2 ao 3 ni mangaribi, 4 ao 5 ni usiku, 6 ao 7 ni pumuziko.

Tarehe 1/8/2025, siku ya wazazi: zimepita siku 151. Zigawanye kwa 8, inabakia 7. Alikuwa ku nyumba, na angeweza kwenda ku makaburi na watu wake. Noeli ya mwaka ule: zimepita siku 297, inabakia 1. Asubui ya pili. Alitumika Noeli, lakini alikula na watoto mangaribi. Kwa namna hii familia inaweza kujua mwaka muzima mbele, bila kungojea shefu, na mutu anayejua kidogo programu anaweza kuwatengenezea ukurasa wa telefone kwa siku moja.

Lakini kuko mitego miwili, na yote miwili imekwisha kupoteza watu usingizi.

Wa kwanza: siku za mbele ya ile uliyofungia. Tarehe 1/3/2025 iko siku 2 nyuma, yaani -2. JavaScript ukiiomba kinachobakia cha -2 kwa 8, inajibu -2. Mu orodha hakuna fasi ya -2, ukurasa unaonyesha utupu. Unaongeza 8, unapata 6: pumuziko ya kwanza. Sawasawa.

Wa pili ni wa hila. Kuhesabu siku, wengi wanachukua milisekonde za tarehe mbili, wanatoa, wanagawanya kwa 86 400 000, wanakata kinachozidi. Kongo hatugeuze saa, kwetu kila siku ina saa 24. Lakini tuseme programu inaandikwa ao inatembea ku mashine ya Bruxelles. Kule, yenga ya mwisho ya Mwezi wa 3, saa inasukumwa mbele, na siku ile inakuwa na saa 23. Mu 2025 ilikuwa tarehe 30. Kutoka tarehe 3 mupaka 31, badala ya siku 28 kamili unapata siku 28 bila lisaa limoja, ukikata, 27. Ekipe zote zinasogea siku moja, na zinabakia vile mupaka mwisho wa Mwezi wa 10, Ulaya inaporudisha saa yake. Kiisha zinajitengeneza zenyewe, na hakuna anayeelewa. Mwandishi mwenye akili anahesabu siku kwa UTC, ambayo haina muchezo ule, na anaacha saa ya Bruxelles kwa watu wa Bruxelles.

04/03 ni lini?

Mine za Katanga ziko na wakubwa wa kila inchi, na kila mumoja iko na namna yake ya kuandika tarehe. Kifaransa kinaandika siku, mwezi, mwaka. Wamarekani wanaandika mwezi, siku, mwaka. Wachina wanaanza na mwaka, kiisha mwezi, kiisha siku. Kwa hiyo 04/03/2025 ku biro moja ni tarehe 4 ya Mwezi wa 3, ku biro ingine ni tarehe 3 ya Mwezi wa 4. Tuseme ni siku ya viziti ya dawa, ile ambayo bila yenyewe hawakuruhusu kushuka chini. Mutu amepoteza mwezi.

JavaScript ilizaliwa Marekani, mu 1995; Brendan Eich aliitengeneza kwa siku 10. Ukiipa 04/03/2025 inasoma kwa Kimarekani: Mwezi wa 4. Ukiipa 15/03/2025 inatafuta mwezi wa 15, haupati, inajibu kwamba tarehe ni mbaya. Kwa hiyo kosa linajificha kutoka tarehe 1 mupaka 12 ya kila mwezi, na linaonekana tangu 13. Kama ukurasa wa kampuni unafanya kazi vizuri ku mwanzo wa mwezi na unakataa ku mwisho, usiende mbali kutafuta.

Namna ya Wachina, mwaka mbele, njo ile ambayo dunia iliikubali kwa mashine mu kanuni inayoitwa ISO 8601: 2025-03-04. Hakuna inchi inayoisoma kwa namna mbili. Ku mikanda ya wafanyakazi ningependa waandike mwezi kwa herufi, "4 mars", na mambo yakwishe.

Mwezi wa zero

Kiswahili chetu kinaita miezi pia kwa namba: Mwezi wa 1, Mwezi wa 2. Mutoto wetu aliyefurahi kuona siku ya tatu ni 3 anafikiri Mwezi wa 3 ni 3. Apana. Mu JavaScript miezi inaanza ku 0. Mwezi wa 3 ni 2, Mwezi wa 12 ni 11. Tarehe za mwezi, zenyewe, zinaanza ku 1. Hakuna sababu nzuri: walikopa ku luga Java, na Java ilikopa ku luga C. Ni kama mukanda wa zamani ulioandikwa vibaya na kila karani anaunakili.

Na tena JavaScript haikatae tarehe isiyokuwako. Uliza avansi iliyochukuliwa 31/1/2025, ilipwe "kisha mwezi mumoja". Inatafuta 31 ya Mwezi wa 2, haiko, inasogea mbele: 3 ya Mwezi wa 3. Mu 2024, mwaka wa siku 366, ingesema tarehe 2. Mwenye deni anafurahi, mwenye kukopesha hafurahi.

Konje ni hesabu ingine. Mutu anapewa konje kutoka tarehe 4 mupaka 15, zote mbili ndani. Ordinatere inatoa: 15 toa 4, ni 11. Lakini hesabu kwa vidole: ni siku 12. Programu iliyosahau kuongeza 1 inakukata siku moja, ao inakupa moja ya bure, kulingana na upande uliosahauliwa. Kiisha kuna yenga za kutoa, na siku za feti: 4 na 16 na 17 ya Mwezi wa 1, 1 ya Mwezi wa 5, 30 ya Mwezi wa 6 na zingine. Orodha hii haifai kupigiliwa ndani ya programu kama musumari, juu serikali inaigeuza. Tarehe 6 ya Mwezi wa 4, siku ya Simon Kimbangu, imekuwa feti tangu 2023. Programu zilizoandikwa mbele hazikuijua, na siku ile zilihesabu watu kama waliokosa kazi kama hakuna mutu aliyeiongeza kwa mukono.

Kwa vijana wanaojifunza sasa kuko habari njema. JavaScript inapata namna mupya ya tarehe, inaitwa Temporal. Firefox iliiingiza mu 2025. Ndani yake kuko tarehe isiyokuwa na saa wala eneo, tarehe kavu, kama ile ya kalendari ya ukutani: 3 ya Mwezi wa 3 inabakia 3, Kolwezi, Kinshasa ao New York. Miezi inaanza ku 1. Na siku zinahesabiwa siku ya kwanza 1, posho 6, yenga 7. Karibu iandikwe na mutu wa hapa. Telefone za zamani hazina hiyo, kwa hiyo kwa wakati huu mwandishi anaichukua kama sehemu ya kuongeza ndani ya ukurasa wake.

Wazee waliozaliwa mbele ya 1970

Neno la mwisho ni kwa wale wanaokaribia retrete. Kama unafungua karte yako ku telefone na unaona kwamba ulianza kazi tarehe 1/1/1970, na weye wakati ule ulikuwa haujazaliwa, usishangae. Ile ni zero ya ordinatere. Maana yake fasi ile ni tupu: hakuna mutu aliyeandika tarehe yako, na programu, badala ya kusema "hakuna", imegeuza utupu kuwa tarehe. Miaka ya kazi ambayo programu ile itakuhesabia ni ya uongo, na siku moja karani mwingine ataona kwamba haiwezekani na ataifuta yote.

Kuko matata ya pili ya namna hii. Mu MySQL, moja ya programu zinazotunza orodha kubwa, kuko aina ya tarehe inayoitwa TIMESTAMP. Inaanza 1970 na inaisha tarehe 19, Mwezi wa 1, 2038, 05h14 na sekonde 7 ku saa ya Lubumbashi. Mutu aliyezaliwa 1962 hawezi kuingia mule kabisa. Kijana ambaye retrete yake inaanguka mu 2045 hawezi pia. Aliyechagua aina ile kwa kuandika siku ya kuzaliwa alichukua chombo cha kuandika saa ya kuingia kazini na akakitumia fasi isiyofaa. Iko aina ingine, DATE, inayobeba miaka yote tunayohitaji.

Kwa wazee mingi mukanda unasema tu "né vers 1958", bila siku, bila mwezi. Programu inakataa mustari ule, inadai siku na mwezi, na karani anaandika 1 ya Mwezi wa 1 kusudi aendelee na kazi yake. Kiisha ku mukanda mwingine, karani mwingine anaandika 30/6. Sasa kuko watu wawili wenye jina moja. Mwangalie leo telefone na mikanda yenu pembeni kwa pembeni: tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuanza kazi, siku za konje zilizobakia. Kama hazipatane, muende ku biro na karatasi ya zamani mu mukono, ile yenye kashe, na muache fotokopi yake pale mbele ya karatasi yenyewe kuharibika na mvua.